Marinda ya Jino la Kenge

Siku ya kuniaga mlisema mengi, na mengine yalikuwa ya kweli. Msimamizi wa sherehe alisoma vyeo vyangu kimoja kimoja mpaka keki ikaanza kutota. Hapa sitavigusa. Ninawaandikia nyinyi mnaobaki na funguo za maabara, na ninataka kuzungumza juu ya meno, kwa sababu meno ndiyo yaliyokula miaka yangu. Nitazungumza pia juu ya siku moja ambayo nikiikumbuka, hadi leo, kidole changu cha shahada hukakamaa. Someni mpaka mwisho, maana mwishoni kuna kazi ninawaachia.

Niliingia chuoni pale kilimani, juu ya Wandegeya, Kampala, vita vikiwa vimekwisha lakini matundu ya risasi bado yako ukutani. Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi. Baba alikuwa wa kabila la Lango na Mkristo, mama Mnubi na Mwislamu, ndiyo maana naitwa Zaituni Akello, na ndiyo maana Kiswahili kilikuwa lugha yetu ya mezani wakati wenzangu wa shule walikiona lugha ya askari ya kuulizia kitambulisho barabarani. Nilidhani nimeajiriwa kuosha vyombo. Nilipofika, vyombo vya kuosha havikuwepo. Maabara ilikuwa imeporwa. Hadubini zilisimama bila lenzi, makabati yalikuwa wazi, na mitungi ya nyoka ilikuwa mikavu. Mzee Yokana, fundi mkuu wa maabara na mwalimu wangu wa kwanza, aliniambia kwamba spiriti yote ya kuhifadhia nyoka imenywewa, na kwamba yeye hakumwona nyoka yeyote akiinywa.

Mafuvu nayo yalikuwa yamepungua. Yale makubwa, ya mamba na kenge wazee, yalikuwa yameondoka na watu, sijui kwa mapambo au kwa dawa. Tulibakiwa na mataya ya kenge wadogo ambayo hayakumvutia mtu. Kumbukeni jambo hilo. Wakati ule sikulitilia maanani hata kidogo.

Mzee Yokana alinifundisha kusaga. Nyinyi mna mashine, na mashine ni nzuri umeme ukiwepo. Yeye alikuwa na kipande cha kioo kinene, maji, unga mkali wa kusagia, na kidole. Mfupa au jino hukatwa kipande, kipande kikagandishwa kwenye kioo kwa gundi iliyopashwa moto juu ya taa ya spiriti, kisha unakisugua kwenye unga, taratibu, kwa mzunguko, mpaka kinakuwa chembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Kikiwa kinene, huoni kitu. Kikizidi wembamba, kinapotea kabisa, umebaki na maji machafu. Kati ya hayo mawili kuna nafasi ndogo sana. Alinipa meno ya mbuzi kutoka buchani, nikayapoteza kwa wiki nyingi. "Sikiliza unga," alikuwa akisema. "Ukianza kunong'ona, punguza mkono. Ukinyamaza, acha hapo hapo." Nilimwona mzee wa mikogo tu, hadi siku niliposikia mnong'ono wenyewe.

Kisha akaja Daktari Kirabo. Yeye alirudi kutoka masomoni ughaibuni akiwa na swali moja tu kichwani, nalo ni namna meno ya wanyama watambaao yanavyopata maumbo yake. Kwa nini jino la mbele la mjusi ni mkuki na la nyuma lina matuta? Nani huliambia? Wenzake walimwona amepungukiwa, maana nchi haikuwa na sukari na yeye anauliza habari za meno ya mijusi. Lakini alikuwa mtu wa kazi, na aliniita fundi wake tangu siku ya kwanza, kwa hiyo nilimfuata.

Tulikusanya mayai ya mijusi kafiri chini ya kuta za mabweni, tukayafungua kwa siku mbalimbali, nami nikavikata viinitete vipande vyembamba kama ganda la kitunguu. Pale niliona jambo ambalo bado linanishangaza. Jino haliingii kinywani kama msumari uliotengenezwa dukani. Mwanzo ni ngozi laini ya ndani ya mdomo, inazama kwenye taya, inajikunja kama kikombe kilichofunikwa. Ndani ya kikombe hicho ncha huumbwa kwanza. Ncha ikishakuwa ngumu, ndiyo basi, umbo la juu limekwisha kuamuliwa, na kinachobaki ni kushuka chini kuelekea kwenye shina. Jino lililokwisha kuumbwa haliwezi kubadilisha umbo. Anayetaka umbo jipya hungoja jino linalofuata, na hawa wanyama hawangoji sana, kwa kuwa meno yao huanguka na kuota maisha yote. Jipya huanza nyuma ya lile la zamani, upande wa ulimi, nalo huweza kuwa tofauti kidogo na lililotangulia.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa miaka michache baada ya hapo. Mzee Yokana alikwisha kustaafu na kurudi kwao Masaka. Umeme haukuwepo, hilo halikuwa la kushangaza. Asubuhi nilisikia gari likirudi nyuma hadi kwenye mlango wetu wa uani. Ilikuwa pikapu ya polisi. Alishuka Afande Odong, ambaye nilimjua kwa sura tangu kambini, na askari mwenzake, wakamshusha mtu aliyefungwa mikono, shati limefungwa kichwani na damu imepenya.

"Mama, weka huyu mutu ndani," Afande aliniambia. "Kwa kituo hawezi kukaa. Watu itachoma yeye na kituo."

"Afande, hapa ni maabara, si mahabusu."

"Leo iko yote mbili."

Tulimwingiza kwenye stoo ya vielelezo, akakaa sakafuni katikati ya mitungi ya vyura. Aliitwa Papa Mapendo, mkimbizi kutoka upande wa Uvira, Kongo, fundi wa ngoma na vinanda vya nyuzi mtaani Nateete. Vinanda vile vidogo vya Kiganda huwambwa ngozi ya kenge, kwa hiyo alikuwa akinunua kenge kwa wavuvi wa Port Bell, bandari ya ziwani. Kwaya moja ilimwagiza vibuyu vya kutikisa, na badala ya mbegu akatia ndani meno ya kenge wazee, aliyoyang'oa kwa koleo, kwa sababu sauti yake ni kali zaidi. Asubuhi ile mteja alikitikisa kibuyu kimoja mbele ya watu, kikapasuka, meno yakamwagika chini. Meno madogo, ya mviringo, meupe.

Wiki hiyohiyo mtoto wa Nateete alikuwa amepotea. Aliitwa Nakato, wa miaka mitano, pacha.

Mtu mmoja alipiga kelele kwamba ni meno ya mtoto, na haikuhitajika zaidi. Walimpiga, wakachoma kibanda chake na kila kilichokuwemo. Meno yalikanyagwa kwenye matope, mengine yakachukuliwa. Afande Odong aliwahi kuokota moja tu. Alilitoa mfukoni akaliweka mezani petu, limefungwa kwenye karatasi ya sigara.

"Mimi nataka jibu moja," alisema. "Hii kitu iko ya mutoto, ama iko ya kenge? Kama iko ya kenge, mimi nasimama mbele ya watu nasema. Kama iko ya mutoto..." Alitazama mlango wa stoo.

Daktari Kirabo alilichukua kwa koleo dogo, akaligeuza chini ya lenzi. Kwa kusuguliwa mchangani kabla ya kutiwa kibuyuni lilikuwa limesagika juu, limekuwa laini, hivyo huwezi kujua kama zamani lilikuwa na vilima kama gego la mtu au hapana.

"Ni la kenge," alisema. "Kenge mzee. Akiwa mdogo meno yake yote ni makali, kwa sababu anakula wadudu na vyura. Akikua anaanza kuvunja konokono. Basi kila jino la nyuma likianguka, linalofuata huja butu zaidi, mpaka nyuma kunakuwa na vinundu kama hiki."

"Nionyeshe," Afande alisema.

Hapo ndipo nilipokumbuka makabati. Nilifungua, nikatoa mataya tuliyokuwa nayo, nikayapanga mezani. Yote yalikuwa ya kenge wadogo, na meno yake yote yalikuwa sindano, mbele hadi nyuma. Afande alipitisha kidole juu yake, akaangalia lile jino la mviringo, akamwangalia Daktari.

"Fuvu la mkubwa lilikuwepo hapa kabla ya vita," Daktari alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Nililiona kwa macho yangu."

"Madam, kabla ya vita kila kitu ilikuwepo."

Papa Mapendo alisema kutoka stoo, kwa kile Kiswahili chao cha Kongo: "Mukubwa, tuma mutu ku Port Bell. Wavuvi banijua. Mie ninanunuaka kenge kwao. Aangalie meno ya ndani, ya nyuma kabisa." Askari akatumwa na pikapu. Tulingoja. Na wakati tukingoja watu walijua mahali alipo, kwa sababu Kampala hakuna siri inayomaliza asubuhi nzima. Walianza kupanda kutoka Wandegeya kwa makundi, wakasimama kwenye uwanja wa mbele wa jengo letu. Mwanzo waliimba. Baadaye hawakuimba.

Pikapu ilifika mlango wa uani kwa shida, watu wakiipiga mabati. Askari aliingia na gunia, akamwaga kenge aliyekufa sakafuni. Alikuwa mrefu kama mkono wangu wote, na moyo wangu ulipanda kwa furaha. Daktari alimfungua mdomo. Meno yalikuwa makali, mbele hadi nyuma. Wavuvi walikuwa wamempa kenge kijana, naye askari, asiyewajua kenge, akamwona mkubwa.

Afande alivua kofia, na mtu wa polisi akivua kofia ndani ya nyumba ya watu ujue amechoka. "Mama Akello," aliniambia, maana mimi nilikuwa mtoto wa kambi na alitaka mtu wa kambi amjibu, "mimi nimeona kenge nyingi sasa. Yote meno kali. Munataka mimi niende nje kuambia watu nini?"

Nilimchukia kwa swali lile. Papa Mapendo alikuwa ameburuta mwili wake hadi mlangoni mwa stoo, akamwona kenge pale sakafuni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kufa. "Hii iko kijana," alisema polepole. "Mie ninachukuaka zile zee."

Daktari ndiye aliyefikiri. Alichuchumaa karibu na yule kenge, akaangalia shina la jino, pale linaposhikana na mfupa. "Zaituni," alisema, "umbo la juu hubadilika, lakini shina halibadiliki. Kenge wote, wadogo kwa wakubwa, jino lao limekunjwa kwa ndani pale chini. Jino la mtu halina mikunjo hiyo, liwe la mtoto au la mzee. Ukisaga shina la huyu na shina la lile, tutaona kama ni ndugu."

Nilielewa upande mzuri wa jambo hilo na upande mbaya kwa pamoja. Jino lilikuwa moja. Papa Mapendo aliling'oa kwa koleo, kwa hiyo kipande cha shina kilikuwepo, lakini kilikuwa kifupi mno. Nikizidisha kidogo tu, mikunjo itakwenda na maji na kitakachobaki ni kofia laini isiyosema kitu, ambayo mtu yeyote angeweza kuapa kuwa ni ya mtoto.

Afande alikataa. "Hiyo iko kielelezo. Ukiharibu, mimi nabaki na nini?"

"Unabaki na nini sasa?" Daktari alimuuliza.

Papa Mapendo alisema, "Kata, mama. Ikivunjika, wataniua. Usipokata, wataniua vilevile."

Nilianza na kenge kijana. Nilikata shina la jino lake moja kali, nikaligandisha, nikasaga. Hilo lilikwenda vizuri kwa sababu halikuwa na mtu nyuma yake. Kwa kuwa umeme haukuwepo, nilitumia hadubini ya kioo cha kuakisi jua, na dirisha lenye jua lilikuwa lile la mbele, la upande wa watu. Nililisogezea meza. Kwenye lenzi mikunjo ilionekana, imejipanga mduara, ikiingia ndani kuelekea katikati. Daktari alitazama akaitikia kwa kichwa. Sasa nilijua ninatafuta nini.

Kisha nikaligandisha lile la pili. Nilianza kusugua. Wakati huohuo jiwe la kwanza liligonga ukuta, na la pili likavunja kioo cha dirisha la jirani. Kelele zikajaa chumba. Nikagundua jambo ambalo Mzee Yokana hakunifundisha, kwamba sisikii unga. Ule mnong'ono wake, nilioutegemea miaka yote, ulikuwa umefunikwa na sauti za watu wanaotaka mtu. Nilisaga nikisimama kila baada ya mzunguko mmoja, nikifuta, nikitazama kwenye mwanga, nikisaga tena. Mawingu ya mchana yalikuwa yakiingia kutoka ziwani, na nilijua jua likifichwa sitaona kitu mpaka mvua ipite, na mvua ya Kampala haiulizi mtu ana haraka gani.

Mlango ulifunguliwa. Afande alikuwa amemruhusu mtu mmoja kuingia, akidhani angewatuliza walio nje. Alikuwa mwanamke wa makamo, utepe wa kupimia bado uko shingoni, nyuzi za rangi zimenasa kwenye gomesi yake, gauni refu la Kiganda, ameshika mkono wa msichana mdogo. Nilijua kabla hajasema. Waganda humwita mama wa mapacha Nalongo, kwa heshima, na Afande alimwita hivyo. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule pale Nateete. Msichana alikuwa Babirye, yule pacha mwingine.

Angeweza kusema nami Kiganda, lakini alitaka Afande asikie, na alitaka yule wa stoo asikie.

"Nyabo," aliniita, yaani bibi, "unafanya nini?"

"Ninasaga jino, Nalongo. Ili tulione ndani."

Alikuja karibu, akatazama kidole changu juu ya kioo, na maji meupe yaliyotoka chini yake.

"Unasaga mutoto wange?"

Nimeulizwa maswali mengi katika kazi hii, na maprofesa, na wakaguzi. Hakuna swali lililonisimamisha mkono isipokuwa hilo. Nilitaka kumwambia hapana, si mtoto wako, lakini sikuwa na haki hiyo bado, na uongo wa kumfariji ungekuwa ukatili. Nilimwambia, "Sijui. Kaa hapa. Nikijua mimi, utajua na wewe." Akakaa kwenye kiti changu, Babirye mapajani, nami nikaendelea kusaga nikiwa nimesimama mbele yake. Sijawahi kuchukia kazi yangu kama nilivyoichukia wakati ule.

Sikusikia unga. Lakini kidole kilihisi kitu, namna ya kuteleza, kama pale sabuni inapokwisha mkononi. Nikaacha hapo hapo. Nikaosha, nikaweka chini ya lenzi, nikageuza kioo kutafuta jua. Lilikuwa limebaki pembeni mwa wingu. Nikaona giza, kisha nikaona njano, kisha nikaona mikunjo. Ilikuwa mduara mzima, iliyoingia ndani, ileile.

Nilisogea, Daktari akatazama, akashika ukingo wa meza. Afande naye akatazama, muda mrefu, akihama kati ya kioo kimoja na kingine, akauliza ni kipi ni cha nani, akatazama tena. Kisha nikatoa kwenye sanduku la kufundishia kipande cha jino la mtu kilichokwisha kusagwa, nikakiweka kando ya vile viwili, nikamwita Nalongo.

Nilimwomba kwanza Babirye afungue mdomo. Alifungua bila kubisha. Kwenye magego yake ya utotoni kulikuwa na vilima na vibonde, vizuri kabisa. "Nakato alikuwa na meno kama haya?" nilimuuliza mama.

"Sawasawa. Hao watu wawili mimi narikuwa nachanganya mpaka kwa meno."

Akainama kwenye hadubini. Nilimpa kwanza la mtu, nikamwambia ni la mtu, na aone ukingo wake ulivyo laini. Kisha la kenge wa sakafuni. Kisha lile la Papa Mapendo. Alitulia hapo. Mikono yake, ambayo kazi yake ilikuwa kukunja vitambaa tangu asubuhi hadi jioni, ilianza kusogea juu ya meza, ikikunja kitu kisichokuwepo.

"Marinda," alisema. "Hii iko na marinda. Kama sketi ya shule." Alirudi kwenye la mtu. "Hii haina." Akarudi tena. Akainuka, akamtazama kenge pale chini, na akamtazama Papa Mapendo mlangoni mwa stoo.

"Si yake," aliniambia.

"Si yake, Nalongo."

"Basi Nakato iko wapi?"

Hapo nililia. Nilikuwa mtu mzima, mfanyakazi wa serikali, mbele ya polisi, na nililia. Nilikuwa nimeshindana tangu asubuhi ili jino lile lisiwe la mwanawe, nikashinda, na ushindi wangu haukumwachia hata jino. Daktari Kirabo alimshika bega. Nalongo hakulia. Alimfuta Babirye midomo, akamshika mkono, akatoka hadi kwenye ngazi za mbele.

Alisema na watu kwa Kiganda, kwa sauti ya mtu anayeuza sokoni. Aliwaambia yeye ndiye mama, kwamba ameangalia kwa jicho lake, kwamba jino lile lina marinda na mtoto wake hakuwa na marinda, na kwamba anayetaka kumsaidia aende kumtafuta Nakato badala ya kusimama pale. Kuna waliobisha. Mmoja alisema amelishwa maneno na wasomi. Alimuuliza yule mtu kama yeye ndiye aliyemzaa Nakato. Wakaanza kuondoka, si wote kwa pamoja, na mvua ikawamaliza waliobaki. Hakuna aliyeomba radhi. Ili kupata kioo kingine cha dirisha nilizunguka maofisini miezi mingi.

Papa Mapendo alipotolewa, ilibidi apite pale alipokuwa Nalongo kwenye varanda. Alisimama. "Pole, mama," alimwambia. Nalongo alimhamisha Babirye upande wa pili wa mwili wake, ili apate nafasi ya kupita. Baadaye nilisikia amehamia Mbarara na anatengeneza vibuyu tena, na ndani anatia maharage.

Nakato hakuonekana.

Baada ya wiki kadhaa Nalongo alirudi maabara peke yake, na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani kulikuwa na jino aliloliokota kwenye mtaro. Ningeweza kumwambia kwa kutazama tu kwamba ni la mbuzi. Lakini niliona uso wake, nikavaa koti, nikalikata, nikalisaga, akatazama mwenyewe. Alirudi tena. Mara mbwa, mara nguruwe, mara jiwe tu. Wakubwa wetu wa baadaye waliniuliza kwa nini ninatumia unga wa serikali kwa mwanamke wa mtaani. Niliwajibu kwamba ni utafiti, na kwa namna fulani ulikuwa utafiti.

Miaka kadhaa baadaye alikuja na jino nililolijua mara moja. Gego la utotoni, la mtu, lina vilima na vibonde, shina limekwisha kuliwa kama inavyokuwa jino likianguka lenyewe. Alinishika mkono kabla sijasema.

"Ya Babirye," alisema. "Imetoka jana. Weka wewe. Siku ukipata ya Nakato, utaweka pamoja, utajua."

Nililiweka. Kwa miaka yote iliyofuata nilisaga kila kilichopita mezani petu, mamba, kinyonga, kenge wa kila umri, pamoja na kenge wazee tuliowapata hatimaye kutoka Luzira, wenye vinundu vya nyuma vilivyokamilika kama Daktari alivyosema. Mmewaona kabatini. Lile moja sikuligusa.

Nalongo amefariki. Cherehani anayo Babirye, na sasa yeye ndiye anayekuja, mara chache, na kitambaa kilekile. Mtamjua kwa utepe wa kupimia shingoni. Akija, msimwambie arudi kesho, wala msimwambie mmeona kwa macho inatosha. Sageni, mpeni kiti, mwacheni atazame mwenyewe. Na kwenye droo ya juu, upande wa dirisha, kuna kijikopo cha filamu chenye pamba. Mkihamisha vitu, mkipaka rangi, mkiletewa mashine mpya, hicho msikitupe, na jino lililomo msilisage.